Damu ya Twalha Yapanda Ndege

Mbele ya duka la Mihir, wanapouza misumari, rangi na mabati, njia ya kushukia soko la samaki Bagamoyo, pana benchi refu lililopinda katikati kwa uzito wa watu wenye majibu. Usiwaulize wamesoma wapi. Waulize chochote kingine: bandari itajengwa lini, nani kamroga mshambuliaji wa timu ya taifa, kwa nini bamia za mwaka huu zina utelezi uliozidi. Watakujibu wote kwa pamoja, na kila mmoja atakwambia mwenzake mwongo. Baada ya alasiri Ausi muuza kahawa hufika na birika lake, kahawa chungu isiyo na punje ya sukari, na wao hujisifu kwa hilo kutwa nzima. Kashata wanazotafuna nayo, kipande baada ya kipande, haziingii kwenye hesabu. Hizo eti ni za kuondoa uchungu tu.

Siku hiyo Maulidi alikaa mwisho wa benchi kavaa viatu vya kamba. Kijiweni wanamwita Katibu, kwa kuwa aliwahi kuwa katibu wa chama cha wakulima wa korosho mpaka chama kikamfia mikononi. Viatu vya kamba na soksi, jua lile! Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Walidhani ni maringo, maana mtoto wa dada yake, Dokta Mardhiya, anayesomea ubingwa wa kisukari na homoni huko Dar, kapata tuzo. Chama cha mabingwa wa homoni huko Ulaya humtafuta kila mwaka daktari kijana aliye masomoni mwenye utafiti wa kushangaza, na kumlipia tiketi, hoteli na chakula, akausimulie mbele ya mkutano wao. Mwaka huu kimemchagua Mardhiya.

Maringo ya wapi! Ndani ya kiatu cha kushoto kidole gumba kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Maulidi hakumwambia mtu, hata mkewe, na alikuwa anakiogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu.

— Mzungu hatoi tiketi ya ndege bure, — alianza Shuaibu. Huyu ndiye Balozi. Aliwahi kukaa Mombasa miezi kadhaa, basi tangu hapo dunia yote kaimaliza. — Hapo kuna mchongo.

— Mchongo gani, bwana? — alisema Mihir mwenye duka, ambaye kwa jina la benchi ni Misumari. — Mtoto kasoma, kaandika, wakapenda. Wivu unakusumbua.

— Wivu mimi? Jiulize, kwa nini mkutano wa kisukari waufanye kwenye baridi? Kule sukari mwilini inaganda, haitembei. Wanaitazama imesimama. Ndiyo maana hawafanyii Chalinze.

— Acha fiksi, Balozi!

— Wallahi tena. Na homoni ndizo zinazowafanya wawe warefu. Sisi tuna sukari nyingi, wao wana homoni nyingi. Mtoto anaitwa akabadilishane. Anapeleka hii, anarudi na ile. Mwakani hapa tutakuwa tunainama mlangoni.

Ausi alicheka hata kahawa ikamwagikia vidole vyake. Misumari yeye alikuwa na lake.

— Mimi nasema tuzo ni yetu. Mtoto kazunguka vijiwe vyote, Mbegani mpaka Saadani, kote kakuta sukari za kutisha. Kafika hapa, wazee wanabugia kashata bila haya, na sukari zao za mtoto anayenyonya! Ndiyo maajabu yaliyompa safari. Pasingekuwa na sisi angeandika nini?

— Sukari zenu? — aliuliza Twalha.

Benchi zima likaangua kicheko, na Maulidi akacheka nao, ila alichelewa.

Twalha ni fundi baiskeli, kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka. Mwembamba, mkavu, hajaonja kitu kitamu miaka mingi kwa sababu ya meno. Siku ya kupimwa hapa kijiweni Mardhiya alibanwa na zamu hospitalini, akatuma wanafunzi wawili wa Dar wasiomjua mtu hapa. Walikaa stoo ya Misumari na vijisindano vyao, wakaita majina. Balozi, aliyetoka kueleza jinsi alivyopambana na askari wa Mombasa, aliona kisindano akakumbuka ana mgeni nyumbani. Misumari akasema damu yake haitoki siku za Jumatano. Basi akatumwa Twalha. Aliingia na kofia ya Balozi, akatoka. Akaingia na miwani ya Misumari, akatoka. Akaingia na koti la Katibu. Mwanafunzi mmoja alisema watu wa hapa mnafanana sana, Twalha akamjibu ni ukoo mmoja, kisha akatoa kidole kingine.

— Vidole vilinivimba, sikushika spana siku mbili, — Twalha alisema. — Kama ni haki, aende na mimi. Damu yangu inapanda ndege, mwenyewe nabaki naziba pancha.

— Tulia wewe, — alisema Balozi. — Wakishaisoma ile damu watakuja wenyewe kukuchukua. Watakuweka kwenye kioo.

— Kioo cha nini?

— Cha maonyesho. Mtu wa pwani asiye na sukari! Watoto wa shule watakuwa wanaletwa.

— Na mimi nitawauzia tiketi, — alisema Misumari.

Wakacheka tena. Maulidi hakucheka. Kidole kilikuwa kinampwita kwenye kiatu, na kichwani alikuwa akizunguka palepale. Mardhiya anaondoka kesho. Akikiona kidole hiki, utafiti wake umeanguka. Mzee mwenye sukari ya mtoto mchanga anaozaje mguu? Na asipokiona, basi mguu ndio unakwenda, maana usiku uliopita weusi ulikuwa umeanza kupanda. Alijaribu kujiambia kwamba ni fungusi. Hakujiamini. Yeye si mtu wa kulia hadharani, lakini alitamani kulia pale pale kwenye benchi.

Ndipo Mardhiya akatokea, mtandio umemtelezea begani, kaja kuaga wakubwa kama inavyotakiwa kabla ya safari.

— Shikamooni!

— Marahabaaa! Dokta wetu! — Balozi alisimama kabisa. — Njoo mama, njoo tukuombee dua.

Walimwombea. Balozi alirefusha, akaziingiza na homoni. Misumari aliitikia amina kwa sauti kuliko Waislamu wote pale, na yeye Mhindu. Mardhiya alikuwa anacheka, macho yanamng'aa.

— Profesa wangu kaniambia watanihoji sana, — alisema. — Hawaamini. Wanasema lazima pana kosa mahali. Nikamwambia profesa, hawa nawajua, mmoja ni mjomba wangu aliyenilea. Hawezi kunidanganya.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Twalha alijiinamia akaanza kuchokonoa mafuta kwenye kucha.

— Mjomba, simama basi nikuage.

Maulidi akasimama. Au tuseme alitaka kusimama. Mguu ulimkataa, akashika bega la Misumari, uso ukamjaa jasho.

— Mjomba, mguu una nini?

— Viatu vipya, — alisema Misumari.

— Baridi yabisi, — alisema Balozi.

— Kajikwaa kwenye bati, — alisema Ausi, ambaye hata hakuulizwa.

Majibu matatu kwa pamoja, kama kawaida yao. Mardhiya aliyasikia yote akachuchumaa kwenye vumbi na gauni lake la kuagia.

— Vua kiatu.

Angeweza kukataa. Ni mjomba mtu, neno lake lina uzito. Angesema nitavua nyumbani, ndege ikaruka, na hakuna ambaye angejua. Lakini alimwona Mardhiya kasimama mbele ya mabingwa wa dunia, anawaambia mjomba wangu hawezi kunidanganya, na akaona aibu. Akalegeza kamba mwenyewe. Soksi iling'ang'ania, akaivuta kwa kuuma meno.

Harufu ilitangulia. Ausi aligeuka pembeni. Mardhiya hakugeuka. Alikishika kile kidole, akabonyeza juu yake, akabonyeza kwenye kifundo, taratibu.

— Hii ni sukari, mjomba. Na si ya jana.

— Najua, mwanangu.

— Ile damu niliyoletewa...

— Ilikuwa yangu, dokta, — alisema Twalha. — Yote. Nisamehe.

Mardhiya alibaki kachuchumaa. Uso ulimwiva, na Maulidi akajua hiyo si huzuni, ni hasira, na akaona ni haki yake.

— Lakini wewe nenda tu, mwanangu, — Balozi alisema kwa sauti ya upole. — Ulaya mbali. Watajuaje?

— Mimi najua, — alisema Mardhiya. Akasimama, akapunga mkono, bajaji iliyokuwa inapita ikasimama. Alimsaidia mjomba wake kupanda, akaupakata mguu mapajani mwake, kisigino juu ya lile gauni la kuagia.

— Watakikata? — Maulidi aliuliza.

— Kidole, naona, kimekwenda. Mguu tunaweza kuuwahi, lakini ni leo, si kesho.

— Na tuzo yako?

— Nitawaandikia kwamba utafiti una uongo. Watampa mwingine.

Alisema hivyo bila kumtazama. Maulidi alimwomba radhi, akaomba tena, sauti haikutoka vizuri. Mardhiya alimwambia anyamaze, autulize mguu. Dereva alipotaka kuondoa bajaji, Mardhiya akamshika bega asubiri kidogo. Akatoa kichwa nje.

— Haya, na nyie. Balozi. Mzee Mihir. Sukari zenu ni ngapi?

Balozi alifungua mdomo. Misumari alimtazama Balozi, Balozi akamtazama Twalha, na Twalha, kwa mara ya kwanza, akatikisa kichwa, akavificha vidole vyake mfukoni. Dereva alingoja mpaka akachoka, akatia gia, na bajaji ikaondoka.