Bawabu wa Skrini za Idara ya Mafao

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, na imenisihi nisome kwa adabu, nami nitajitahidi mpaka tutakapofika kwenye Idara ya Mafao.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshonaji, akamaliza shule ya msingi mwaka 1970 na sekondari mwaka 1976, mwaka ambao aliifungua redio ya baba ili aone sauti inatokea wapi, sauti hakuiona, ila kiatu cha baba alikiona vizuri sana.

Tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa na Idara hiyo kwenye chumba cha kompyuta kuu, chumba cha baridi ambamo watu walivaa sweta adhuhuri, akawa anaandika programu fupi za kukaa mlangoni, yaani pale maneno ya kompyuta yanapotoka kwenda kwenye skrini za makarani, zikiyapanga upya na kuyatia rangi kabla hayajaonekana, ndiyo maana wenzake wakamwita Bawabu.

Tarehe 14 Agosti 1982 alimwoa karani wa dirisha namba tatu, aliyekuwa amekwenda kumgombeza kwamba skrini yake haisomeki, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1991, mafaili yalipokuwa yakihamishwa, makarani waliona nafasi tupu kwenye skrini wakadhani mtambo umekufa, basi Bawabu akaweka programu ya wiki mbili tu, kwamba popote penye nafasi tupu pasomeke OMBI LINASHUGHULIKIWA. Wiki mbili zilipokwisha akaomba aiondoe, mkurugenzi akamjibu, "Wewe nawe, foleni imetulia, unataka kutuletea balaa?" Aliomba tena kwa kila mkurugenzi aliyefuata, na kila mmoja aliipenda kuliko aliyemtangulia, wa mwisho akaagiza maneno yatiwe rangi ya kijani. Wazee wamerudishwa nyumbani kwa kijani hicho mpaka wakafa, jambo linalotia kichefuchefu, na neno hilo silifuti hata mbele ya jeneza.

Alistaafu mwaka 2016, akaugua figo Septemba 2023, akaiomba Idara kibali cha matibabu. Wifi yangu alikwenda dirishani kufuatilia, akaambiwa, "Mama, usiwe na wasiwasi, linashughulikiwa." Aliporudi na habari hiyo kaka alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Mke wangu, hawajaligusa. Hayo maneno ni yangu," kisha akageukia ukutani. Alifariki tarehe 6 Juni 2024, na juzi wifi yangu alipochungulia dirishani, kwenye ombi la kaka skrini ilikuwa bado ya kijani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotubebea maji na viti, na wenzake wa chumba cha baridi, waliokuja bila kutumwa.

Mheshimiwa mkurugenzi, uliyekaa mstari wa mbele, shada lako tumeliona, ni kubwa. Jumatatu wifi yangu atasimama dirisha namba tatu, safari hii upande wa nje, na ombi la mafao ya mjane, na hatukuombi upendeleo, tunaomba programu ile iondolewe, ili kama hamjaigusa karatasi yake, aone nafasi tupu.

Kaka, umeomba vya kutosha, sasa tunaomba sisi, wewe pumzika kwa amani.