Vipande Alivyokataa Kuvitupa: Isaïe Paluku, 1973–2025

Isaïe Paluku, tunayemsindikiza leo Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025 hapa Kisangani, alizaliwa tarehe 3 Mei 1973 huko Masereka, katika eneo la Lubero, Kivu ya Kaskazini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Papa Nzanzu, mfanyabiashara wa maharagwe na viazi, na Mama Fortunée. Wazazi wote wawili wametangulia. Waliomjua akiwa mdogo walisema alikuwa mtoto mtulivu, ila hakutupa kitu. Mama yake alipofua nguo zake alikuta mifukoni misumari iliyopinda, vifuniko vya chupa, na siku moja kipande cha kioo kilichofungwa vizuri kwa kitambaa ili kisimkate mtu.

Kabla ya kuendelea, familia inapenda kusema jambo moja waziwazi, kwa sababu limesemwa hata chini ya turubai la matanga yake. Imesemwa kwamba Isaïe aliweka picha za watu alizoambiwa azitupe. Ni kweli, aliziweka. Wasifu huu unaeleza kwa nini aliziweka na jinsi alivyozilinda, ili kila mmoja atakayeondoka hapa ajue tumemzika mtu wa namna gani.

Alisoma shule ya msingi Butembo. Mwaka 1986 baba yake alihamishia biashara Kisangani, familia ikakaa Kabondo, na Isaïe akaendelea na sekondari hapa hapa hadi akapata diploma ya Serikali mwaka 1993, upande wa hesabu na fizikia. Aliingia chuo kikuu, lakini vita ya 1996 ilikatiza masomo yake na hakuyarudia tena. Katika miezi hiyo ya kukaa bure, padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliiachia parokia kamera ya video iliyoharibika. Isaïe aliifungua juu ya meza ya sakristia, akaitengeneza, na Jumapili ya Matawi akapiga picha za maandamano. Mwaka 1998 alifungua studio yake ndogo katika komini ya Makiso, katikati ya mji, akiwa na mashine mbili za kanda za video. Alifanya kazi hiyo mpaka ugonjwa ulipomlaza.

Katika kwaya ya parokia alikutana na Sophie, aliyekuwa akisomea ualimu, binti wa Papa Jérémie, karani wa mahakama huko Basoko. Wakati huo mto ulikuwa na vizuizi vya askari, na wazee walimshauri angoje vita ipite ndipo apeleke mahari. Isaïe alijibu kwamba vita haikumwambia itapita lini. Akateremka kwa mtumbwi wa injini hadi Basoko pamoja na rafiki yake Cyprien, mwalimu wa Mangobo hapa mjini, akamaliza mambo yote kwa heshima, akarudi. Ndoa yao ilifungwa kanisani Kabondo tarehe 24 Julai 1999. Cyprien ndiye aliyeshika kamera siku hiyo, na kanda ya arusi ikawekwa studio pamoja na kanda za watu wengine.

Mwezi Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku sita. Wenye umri wa kukumbuka hawahitaji kuelezwa. Bomu moja liliangukia studio. Milio ilipotulia, Isaïe alikwenda kutazama, akarudi nyumbani na ufunguo wa mlango ambao haukuwapo tena. Kanda zote zilikuwa zimeyeyuka na kushikamana. Alikaa kwenye kiti, akamwambia mkewe, “Arusi za batu yote nilizitia ku nyumba moja.” Arusi yake mwenyewe nayo ilikuwa humo. Tangu hapo yeye ndiye aliyeshika kamera kila mahali, na nyumbani hakuna aliyempiga picha za video tena.

Mwaka 2006 alinunua kompyuta yake ya kwanza na kujifunza kuunganisha filamu kwa njia mpya. Kwa wasioijua kazi hii, yafaa kuieleza kidogo. Filamu ambayo mwenye arusi hupewa kwenye diski haiwezi kushonolewa. Lakini nyuma yake kuna kile alichokiita “projet”: picha zote kama zilivyopigwa, sauti, maandishi, na maagizo ya mahali pa kukata na pa kuunga. Mwenye projet anaweza kurudi hata baada ya miaka kumi, akaongeza au akapunguza. Watu wa kazi yake wengi walifuta projet mara tu filamu ilipotoka, ili wapate nafasi ya kazi nyingine. Isaïe hakufuta. Alisema fundi wa nguo mwaminifu humrudishia mama vipande vyote vilivyobaki vya liputa lake, hata kidogo cha kufungia nywele, kwa sababu kitambaa ni cha mama, si cha fundi.

Hakujifunza haya bila kukosea. Mwaka 2008 umeme uliunguza kompyuta yake kabla hajamaliza filamu ya arusi ya Claudine, ambaye yupo nasi leo. Isaïe hakushtuka, maana alikuwa ameweka nakala nyumbani kwa Cyprien. Alimwalika mama wa bibi arusi huko Mangobo aje ajionee mwenyewe. Projet ilifunguka vizuri, majina yakaonekana, mpangilio wote ukaonekana, lakini mahali pa kila picha palikuwa na kisanduku cheusi. Alikuwa amenakili maagizo peke yake; picha zenyewe zilibaki ndani ya mashine iliyoungua.

Mama Claudine alitazama visanduku mpaka mwisho. Kisha akasema, “Papa Isaïe, kumbe mutoto yangu aliolewa na giza?”

Cyprien alicheka hata akatoka nje. Isaïe hakucheka. Alikwenda na wazee wawili kuomba msamaha kwa familia, akapita kwa waalikwa nyumba kwa nyumba akikusanya picha za karatasi, akatengeneza kutokana nazo filamu ambayo Mama Claudine anaionyesha mpaka leo, akisema ni nzuri kuliko za majirani kwa sababu ndani yake hakuna mtu anayetafuna.

Kuanzia hapo alikuwa na desturi ambayo nyumba nzima ilibidi kuifuata. Kila kazi ilikusanywa katika folda moja, na picha zake zote humo. Nakala moja ilikaa studio, ya pili nyumbani Kabondo, ya tatu kwa Cyprien. Na hakukubali kusema imehifadhiwa mpaka aifungue kwenye mashine nyingine na kuitazama. Wakimwambia, “Papa, iko,” aliwajibu, “Fungua, uone. Usiseme tu iko.”

Nakala ya nne alimpelekea baba mkwe wake Basoko kila mwaka kwa boti. Diski aliifunga kwenye plastiki, akaitia ndani ya bidon, yaani dumu la mafuta, aliyoikata na kuiziba upya kwa nta, maana boti zinazama lakini bidon tupu huelea. Papa Jérémie, Mungu amrehemu, aliwaambia majirani zake, “Wengine bakwe zao banabatumia chumvi na sabuni. Mimi wangu ananitumia arusi za batu ndani ya bidon!” Lakini alizipanga chini ya kitanda chake na hakuruhusu mtu aziguse.

Sasa tufike kwenye maneno yanayosemwa. Mwaka 2016 Isaïe alipiga picha za arusi ya binti wa Papa Abdulhamid, mfanyabiashara kutoka Maniema, jirani yetu wa Kabondo. Haya yanaandikwa kwa ruhusa yake. Siku hizo Papa Abdulhamid na mdogo wake Nassoro, dereva wa lori, walikuwa hawasemezani. Nassoro alikuja bila kualikwa, akiwa na vumbi la safari, akamlisha mama yao keki kwa mkono wake, akafanya mzaha na kila mtu. Baada ya sherehe, Papa Abdulhamid alikuja studio.

“Nassoro umutoe. Sitaki kuona hata mukono yake.”

“Ku filme nitamutoa, Papa,” Isaïe akajibu. Na ndivyo alivyofanya.

Mwezi Januari mwaka huu, Nassoro aliuawa na vita alipokuwa na lori lake karibu na Sake. Alizikwa huko na watu wasiomjua. Matanga yalifanyika Kabondo bila mwili, na mama yao, Mama Kadidja, hakuomba kitu kingine ila kumwona mwanawe akitembea. Papa Abdulhamid alikuja tena studio.

“Papa Isaïe, ile siku nilikuambia nini?”

“Uliniambia nimutoe.”

“Ulimutoa?”

“Ku filme, nilimutoa.”

“Na kwengine?”

“Iko.”

Papa Abdulhamid alifunika uso kwa kofia yake. Isaïe aliifungua projet, akamrudisha Nassoro mahali pake karibu na mama yake, na Mama Kadidja akamwona mwanawe akimlisha keki. Alishika pembe ya televisheni kwa mikono miwili na kumwita kwa jina la utotoni.

Jambo hilo lilipojulikana, wengi walishukuru, lakini wengine waliogopa. Walijiuliza ana nini chao. Ulevi wa nani, ugomvi wa nani, mume wa nani akicheza na nani? Hofu hiyo inaeleweka. Kwa hiyo yafaa kujua kwamba projet ya familia haikufunguliwa mbele ya mtu mwingine kamwe bila mtu wa familia hiyo kuwapo, hata mkewe hakuonyeshwa. Mwaka 2023, ndugu wa makabila mawili walipokuwa wakichomeana nyumba ng'ambo ya mto, mtu mwenye cheo alikuja studio akitaka picha za arusi moja ya upande ule, ili atambue nyuso za vijana.

“Papa, mwenye arusi aje naye,” Isaïe akamwambia. “Bila yeye sifungui.”

“Weye unajua unasema na nani?”

“Najua, Papa. Ndiyo maana nasimama, kwa heshima.”

Mtu yule aliondoka akiahidi kurudi. Kesho yake, nakala zote za arusi ile ziliteremka Basoko ndani ya bidon, na hakuna kijana aliyetafutwa kwa ajili ya picha ya Isaïe Paluku. Huyo ndiye mnayesema aliweka aibu za watu.

Ugonjwa wa kisukari alikuwa nao tangu 2019, akaubeba bila kulalamika. Mwezi Juni mwaka huu figo zilianza kushindwa. Madaktari walishauri atibiwe nje ya Kisangani, lakini njia ya Goma ilikuwa imefungwa na vita, na safari ya Kinshasa mwili wake haukuiweza tena. Akiwa kitandani alimfundisha binti yake Précieuse jinsi ya kuzitunza diski, akimfungulisha moja baada ya nyingine. Alipokea sakramenti ya wagonjwa akiwa na akili timamu. Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, binti yake Nicole akimsomea zaburi.

Ameacha mjane, Sophie, watoto watatu, Précieuse, Jérémie na Nicole, mjukuu mmoja, dada zake walioko Butembo, na mdogo wake Édouard aliyeko Goma. Hao wa Butembo na Goma barabara imewanyima kufika. Filamu ya maziko haya haitafungwa kabla maneno yao hayajatufikia na kuwekwa mahali pake. Ameacha pia Cyprien, ambaye alikuwa ndugu. Diski zote zipo, Précieuse ameshika funguo, na sheria ya baba yake haijabadilika. Familia inayotaka kilicho chake kifutwe itakuja, itatazama, na itafuta kwa mkono wake yenyewe.

Limebaki jambo moja. Wiki hii nyumba ilitafuta picha za video za Isaïe lakini haikuzipata, kwa kuwa arusi yake iliungua na maisha yake yote alisimama nyuma ya kamera. Précieuse alijua ipo moja, kwa kuwa aliona jina lake kwenye orodha alipokuwa akikagua diski na baba yake, lakini hakuifungua, kwa sababu si ya kwetu. Juzi Papa Abdulhamid alipokuja matangani, mjane alimwomba. Alisimama mbele ya watu wote akasema, “Ile kipande nilisema batupe. Kama Isaïe angenisikia, leo mama yangu hangekuwa na Nassoro, na nyinyi hamungekuwa na baba. Muionyeshe.”

Ni kipande kifupi, na kabla jeneza halijatoka kitaonyeshwa. Katika arusi ile Nassoro, kwa mzaha wake, alimnyang'anya Isaïe kamera na kumgeuzia. Anasikika akicheka: “Photographe, na weye bakuone!” Isaïe anatokea na suti yake ya kijivu, mkono umenyooshwa, anacheka kama mtu aliyekamatwa. “Rudisha, kaka. Mama iko nangoja keki.” Miezi michache iliyopita, alipomrudisha Nassoro kwenye filamu, kipande hiki alikikata tena, akisema arusi haikuwa yake. Lakini hakukitupa.

Mungu, aliyemwona siku zote hizo nyuma ya kamera, ampe Isaïe pumziko lenye amani.