Ndevu za Veit na Utambi wa Bunduki

Kivuko kilikuwa katikati ya mto Main pale Veit, askari wa farasi mwenye ndevu zilizoungua upande mmoja, alipomgeukia Kunz, fundi kufuli aliyeketi kando yangu. "Fundi, hebu niambie. Mkono huu hatamu, huu bunduki. Utambi unaowaka wa kuwashia baruti niushike kwa meno?"

"Wewe unataka kigurudumu kinachosukumwa na springi, kikwaruze jiwe, cheche zitoke zenyewe," Kunz akajibu, kama anayeagiza supu. "Kingekuwepo tangu baba yako hajaota meno."

"Sasa mlikuwa mnasubiri nini?"

"Springi ni za mafundi saa. Chama chao kinatukataza kuzigusa, chetu kinawakataza kufuli. Hata kilabuni hatukai meza moja."

Veit akashika ndevu zake. "Yaani nimeungua miaka kumi kwa sababu nyinyi hamnywi bia pamoja?"

"Wanaringa mno! Waanze wao kutusalimia."

"Farasi wangu hana sikio, liliunguzwa na utambi huo, mzee, nawe unangoja salamu?"

Kivuko kikagonga gati, wakashuka wakibishana. Nami nikashuka na kikapu changu cha springi za saa. Sikuwaaga. Hawakunisalimia nilipopanda.