Karatasi Iliyoonekana Mezani

MTARAJIWA: Haloo, nazungumza na nani, tafadhali?

DADA: Ni mimi, dada yako. Napiga kwa simu ya mezani, hapa ofisini.

MTARAJIWA: Aa, shikamoo dada. Namba sikuitambua, nikadhani ni—

DADA: Uko wapi?

MTARAJIWA: Nyumbani. Si nilimwomba wakili ruhusa? Nina darasa langu la mtandaoni, la wanaotafuta nafasi za mafunzo ya uwakili. Si unajua huku wananiita Wakili Mtarajiwa. Mbona sauti yako—

DADA: Ile video ya jana umeifuta?

MTARAJIWA: Ipi, "Siku Yangu Ofisini"? Niifute kwa nini? Imetazamwa na watu elfu arobaini. (mikwaruzo) Haloo?

DADA: Nipo. Pale unapoinua kikombe, mezani kuna nini?

MTARAJIWA: Mafaili. Watu wanapenda kuona mafaili.

DADA: Kuna maelezo ya yule mama aliyemkimbia mumewe. Ukurasa wa kwanza. Mtaa anakojificha, namba ya nyumba, mpaka rangi ya geti. Ukisimamisha video unasoma kila kitu.

MTARAJIWA: Sasa dada, nani atasimamisha video asome—

DADA: Mumewe. Amefika asubuhi, mama anaanika nguo. Amemchukua mtoto wao mdogo, wa miaka minne, akaondoka naye.

MTARAJIWA: Pengine alijua kwa njia nyin—

DADA: Alimwonyesha simu. Akamwambia, "Mshukuru kijana wa wakili wako." Wakili yuko polisi tangu saa nne. Mama yuko hapa, amekaa sakafuni na kiatu kimoja. Kiti hakitaki.

MTARAJIWA: Sawa. Sawa, naifuta. Au niweke ukungu pale kwenye karatasi tu? Maana nikiifuta yote—

DADA: Unasemaje?

MTARAJIWA: Nasema tu. Naifuta... haya, imefutika. Halafu nitaweka nyingine ya kuomba radhi. "Kosa Lililonifunza Kazi." Mtu akikiri hadharani, watu huwa wanam—

DADA: Hebu nyamaza kidogo.

MTARAJIWA: Dada—

DADA: Mimi ndiye niliyempigia wakili magoti akupe hiyo meza. Nikamwambia mdogo wangu ana adabu. Leo nimeitazama tena hiyo video, wewe na kikombe chako, unachekacheka, karatasi ya mwenzio iko pale mbele yako. Nimekwenda chooni nikatapika. Sikujua kama iko siku nitamtapikia mtoto wa mama yangu.

(mlio mfupi, mwingine, mingi kwa pamoja)

DADA: Hiyo milio ni ya nini?

MTARAJIWA: Ni... wanafunzi. Wanaandika maoni.

DADA: Darasa limeshaanza?

MTARAJIWA: Lilianza kabla hujapiga.

DADA: Wananisikia?

MTARAJIWA: Nilikuweka spika, dada. Nilidhani ni mteja, nikasema waone simu ya kikazi inavyopokelewa. Halafu ulipoanza kueleza nikaona, acha tu, si ni somo la maadili—

DADA: Kwa hiyo umeniacha nimwage habari za yule mama mbele za watu.

MTARAJIWA: Hukumtaja jina.

DADA: Wako wangapi?

MTARAJIWA: Mia mbili na kitu.

DADA: Haya. Wanangu mnaonisikia, mimi ni katibu muhtasi wa ofisi ya wakili, mwaka wa kumi na tisa huu. Huyu ana wiki sita. Kazi yake ni kutoa nakala. Yule mama alikaa naye saa nzima akimweleza ya moyoni, kwa kuwa alimwona amevaa suti. Naye akaondoka kwenda kutafuta mwanga mzuri wa kujipigia video. Sasa mnapomlipa huyu awafundishe—

MTARAJIWA: Jamani, mtandao unasumbua kidogo hapa—

DADA: Mtandao hausumbui.

MTARAJIWA: —dada, unakatika, sikupati, nitakupigia—

DADA: Mimi nakupata vizuri. Wakili huyo anaingia. Yuko peke yake. Mtoto hayuko naye. Mama amemwona, anainu—

MTARAJIWA: Haloo? Haloo? Imekatika, wapendwa. Poleni. Tulikuwa kwenye namna ya kuandika barua ya maombi—

DADA: Sijakata.

(mlio wa simu iliyokatwa)