Ndege ya Kurudi

Kondakta Balkar hashangai tena kuona abiria kapakata ndege ya plastiki. Basi lake la mjini Jalandhar hupita mlangoni pa gurdwara, hekalu la Masingasinga, ambako watu huzitoa sadaka ili wapate viza. Leo kiti cha mbele kilikuwa na ndege mbili, kila moja ndani ya boksi lake, zote za duka moja.

"Mimi viza ninayo, bibi," Navkiran, msichana wa dirishani, alimwambia kwa maringo bibi kizee aliyeketi kando yake. "Jumapili naruka Kanada, nasomea kompyuta. Hii ni nadhiri ya mama tu. Na yako?"

"Ya mjukuu wangu Harman. Yuko hukohuko."

"Kama keshafika, unamwombea nini tena?"

"Arudi. Yangu ni ndege ya kurudi. Alimaliza kompyuta, akasomea biashara, sasa anasomea kuoka keki. Mwaka wa saba huu, na chapati hajui hata kuigeuza!"

Balkar akakohoa kuficha kicheko.

"Mimi ni miaka miwili tu," alisema Navkiran. "Nisiporudi, niite mbwa."

"Harman naye alisema hivyohivyo, na kumwita mbwa siwezi."

Breki zikalia mlangoni pa gurdwara, maboksi yakaporomoka. Navkiran akayaokota, akampa bibi moja.

"Una hakika hili ndilo langu?"

"Zote sawa, bibi. Plastiki tu."

Bibi akashuka, akashika njia ya kuingia hekaluni. Navkiran akasimama ngazini, akaligeuzageuza boksi lake.

"Bibi! Ngoja kwanza, tuziangalie vizuri!"

Bibi hakugeuka. "Si umesema plastiki tu?"