Bibi Violet Bupe, Aliyeuliza Kilele ni cha Nini

Bibi Violet Bupe alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha uuguzi Mbeya, akahitimu mwaka 1980.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Babu Lusekelo. Walijaliwa Anitha na Sebastian, wakahamia Springfield, Marekani, mwaka 1997, baadaye Bowie.

Huku Bibi alikuwa mkalimani wa hospitali. Mwaka 2011 alimkalimania Bi Mwatumu wa Tanga, ambaye leo yupo safu ya pili na ndiye aliyetuomba tulisome hili. Bi Mwatumu alimweleza daktari kwamba tangu afanyiwe upasuaji, akiwa na mumewe hafiki tena. Bibi alielewa vizuri sana. Lakini alikuwa mzee wa kanisa, na daktari alikuwa kijana wa umri wa Sebastian. Akaona haya, akasema, "Mama hana furaha." Bi Mwatumu akaandikiwa dawa za huzuni, akarudi nyumbani akishangaa, maana huzuni hakuwa nayo.

Bibi alikosa raha. Akamwendea rafiki yake Mama Jeptoo, Mkenya, amuulize neno la heshima.

"Si tunasema kufika tu."

"Kufika wapi?"

"Ai, Violet! Ukifika utajua."

Wengine walimwambia ni kufika kileleni. Hapo akachanganyikiwa zaidi. Kilele cha nini? Nani alianza kusema hivyo, wazee au magazeti? "Kwetu kileleni kuna baridi na ukungu," alimwambia Babu. "Nani alifurahi huko?"

"Labda aliyelitunga hakuwahi kupanda," Babu akajibu. Hilo nalo halikusaidia.

Hata hivyo hakusubiri kujua neno hilo lilikotoka. Alirudi kwa daktari pamoja na Bi Mwatumu, huku akijua anaweza kufukuzwa kazi, akakiri kwamba alikuwa amepamba maneno. Kisha akalitaja jambo lenyewe waziwazi.

"Haya, sasa ndiyo umesema," Bi Mwatumu akamwambia.

Dawa zikabadilishwa, na mwaka uleule Bi Mwatumu akatibiwa akapona.

Novemba 2024 Bibi alipata kiharusi, na Kiingereza chote kikamtoka. Muuguzi akampigia simu mkalimani. Bibi akataja panapouma, kila kiungo kwa jina lake, hata vile vilivyotufanya sisi tugeuke kuangalia dirishani kwa aibu.

"Mwanangu, upo?" Bibi akamuuliza kijana wa kwenye simu.

"Nipo, Bibi. Natafuta namna ya kusema."

"Usitafute. Sema hivyohivyo nilivyosema. Mimi ndiye ninayeumwa."

Akasema. Maumivu yakapata dawa, na usiku huo Bibi alilala. Alifariki nyumbani Bowie tarehe 2 Februari 2025.

Ameacha mume, Babu Lusekelo, watoto, Anitha na Sebastian, wajukuu wanne, na Bi Mwatumu, aliyesema naye aandikwe kama ndugu.

Mungu ampumzishe Bibi yetu kwa amani.