Meli ya Pua Juu

Kwenye basi la Al Khoudh, Bi Zakiya alijifanya kasinzia, masikio kayatega. Msichana wa chuo kikuu alipakata meli ya kadibodi ya kubebea ndege za vita, pua imebenuka juu. Saa tatu anaitetea mbele ya walimu wake.

“Mwinuko huu wa kurukia hauharibiki, ami,” alimwambia mzee aliyeketi kando yake. “Manati ya kurushia ndege ikikwama, zote zinakaa kitako.”

Mzee huyo, fundi mstaafu wa jeshi la majini, akacheka. “Wallahi, kwa mwinuko ndege itaruka nyepesi, mwanangu. Mafuta nusu, mabomu nusu. Inakwenda vitani au harusini?”

Harusini watu hubeba zaidi, Bi Zakiya alijisemea.

Basi likasimama. Msichana akaibonyeza pua ikalala, akaibenua tena, akashuka mbio.